Tunasifu jogoo, nyumba inalishwa na tetea



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu, mara hii tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kuku wa uani. Tunajua yako mambo mazito kuliko haya. Lakini katika nyumba zetu za Kismayu, Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, na za Lamu na Mombasa walikohamia wengi katika jamaa zetu, ua usio na kuku ni nadra. Na penye kuku hapakosi mazungumzo ya kuku. Mazungumzo yenyewe, tukisema kweli, huwa ni ya jogoo. Utasikia jogoo wa fulani ana kifua, wa fulani ana miguu mirefu, wa fulani amemkimbiza wa jirani mpaka baharini. Tetea hana wa kumsifu. Akitaga, mayai yanaokotwa. Akiangua, vifaranga huachiwa mwewe na kunguru. Akifa kwa kideri tunasema ni kudura, tunatafuta mwengine.

Rai yetu ni kwamba mapenzi haya yameelekezwa pasipo pake, na wanaoumia ni watu wa nyumbani.

Tuanze na bahari, kwa kuwa sisi ni watu wa bahari. Kila mwaka kusi likivuma kwa nguvu, hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti, mashua ndogo hazitoki kama kawaida. Mvuvi anakaa pwani akitengeneza nyavu, na sufuria inaanza kuwa nyepesi. Hapo ndipo mama wa nyumba anapoangalia ua wake. Mayai matano yanaleta sukari na majani ya chai. Kuku mmoja akiuzwa analeta unga au daftari za chuoni. Ukifika mwezi wa Juni na kuku sita wenye afya, una akiba ambayo haikopwi wala haiwekwi benki. Ukifika na jogoo mmoja mzuri wa kutazamwa na tetea wawili waliokonda, huna kitu, hata kama mtaa mzima unamjua jogoo wako kwa jina.

Kuku si mgeni kwetu. Asili yake ni Asia, na mifupa yake imepatikana na wachimbaji wa mambo ya kale katika miji ya pwani ya Waswahili tangu kiasi cha karne ya 8, Shanga katika kisiwa cha Pate ikiwa mojawapo. Alifika kwa vyombo vya bahari. Jirani zetu wa bara, wafugaji wa ngamia, zamani hawakuwa na haja na kuku kama walivyokuwa hawana haja na samaki. Waliviona vyote viwili kuwa chakula cha watu wa pwani. Siku hizi mambo yamebadilika, mijini wanakula kuku na mayai kama sisi, na hilo ni soko zuri kwa mwenye kuku. Ajabu ni kwamba sisi tuliokuwa na kuku miaka elfu na zaidi bado tunamfuga kama aliyeokotwa jana.

Iko sababu moja ambayo si ya uvivu, na ni haki kuitaja. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikafika Kismayu na visiwani, watu walikimbia kwa mashua mpaka Kenya. Wengi wa Wabajuni walikaa kambi ya Jomvu, Mombasa, mpaka ilipofungwa 1997, na katika hao wapo waliorudi. Mashua iliyojaa watoto na wazee haina nafasi ya matenga ya kuku. Mbegu iliyochaguliwa na bibi zetu kwa miaka mingi ikapotea kwa mara moja. Na mtoto aliyekulia kambini hakumwona bibi yake akipembua mayai ya kulaliwa na ya kuliwa. Kwa hiyo tusiwacheke vijana wasiojua, wafundishwe.

Tuje kwenye kideri, maana ndio msiba wenyewe. Ugonjwa huu ulitambuliwa 1926, Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, na ndipo Wazungu wakauita kwa jina la mji huo. Dalili zake kila mama anazijua. Kuku anajikunyata, anahema mdomo wazi, anaharisha kijani, wengine shingo inapinda. Ukiingia katika ua usiochanjwa unaweza kuondoka na kuku wote, au karibu wote, kwa siku chache. Dawa ya kuutibu hakuna. Vitunguu, pilipili, majivu na mwarobaini tunavyowapa ni kujituliza moyo tu.

Iko chanjo. Inayotufaa zaidi sisi wa visiwani ni ile inayoitwa I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, na ambayo Tanzania na Msumbiji zimekuwa zikiitengeneza wenyewe. Sifa yake ni kuvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, jambo kubwa kwa mahali pasipo na umeme wa kuaminika, ingawa si ya kuachwa juani. Inafungwa katika kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Kuku anatiwa tone moja katika jicho moja. Mkubwa na kifaranga kipimo ni kimoja. Inarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na inatiwa kwa kuku wazima, kwani haimsaidii aliyekwisha kuugua. Kichupa kimoja kwa kawaida kina matone mengi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishachanganywa hakikai. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja anaona ni ghali na anaacha. Lakini nyumba ishirini za mtaa mmoja wakichangishana na kuchagua siku moja, alasiri wakati kuku wanarudi, gharama kwa kila nyumba inakuwa ndogo sana. Mtaa unaoweza kuchangishana kwa maulidi na harusi unaweza kuchangishana kwa hili. Muulizeni mganga wa mifugo aliye karibu nanyi, na mwenye jamaa anayesafiri na amuagizie aulize huko anakokwenda.

Sasa tuseme lile ambalo hatupendi kuambiana. Kideri kikiingia uani, wengi wetu tunafanya nini? Asubuhi tunaona kuku wawili wamekufa, na kabla ya adhuhuri waliobaki wako sokoni miguu imefungwa. Tunawauza wakiwa bado wanasimama. Mnunuzi anawapeleka kwake, anawachanganya na wake, na baada ya siku chache ua wake nao ni kaburi. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyovuka kutoka mtaa hadi mtaa, na kutoka kisiwa hadi kisiwa ndani ya matenga. Hatuwezi kusema tumeuza kuku tu. Tumeuza aibu tuliyoijua na kuificha, na sote tumefundishwa kisa cha yule muuza nafaka sokoni Madina ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo lake akakuta unyevu chini. Fukara naye ana udhuru wake, tunaujua. Aliyetegemea kuku kumi anaona wote wanakwenda. Lakini anayeununua ugonjwa ule mara nyingi ni fukara mwenzake.

Mzoga nao usitupwe jaani wala pwani. Uchomwe au ufukiwe kwa kina ambacho mbwa na paka hawafikii. Na kuku anayeletwa kutoka nje, hata awe zawadi, asiachwe kuchanganyika siku hiyo hiyo. Wazee waliposema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sisi tunaichukua methali hiyo pia kama dawa: mfunge peke yake wiki mbili, umwangalie.

Turudi kwa jogoo. Pwani yetu ina kuku wa namna nyingi: kishingo asiye na manyoya shingoni, ambaye joto halimsumbui sana, kibwenzi mwenye kishungi, kibutu asiye na mkia, na kuchi. Kuchi ndiye anayewatia vijana wazimu. Ni mrefu, amesimama wima, mifupa mizito, macho makali. Anajulikana Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na watafiti waliopima vinasaba vya kuku wa Tanzania waliona kuchi ana udugu na kuku wa kupigana wa Asia, kama yule Shamo wa Japani. Kwa hiyo huyu naye ni urithi wa safari za baharini, na anayempenda hatumlaumu. Nasi tunampenda. Ni kiumbe mzuri, na kuwika kwa jogoo alfajiri ni jambo tulilofundishwa kuliheshimu.

Tunachokataa ni kupiganisha. Wako watu pwani wanaomtaka kuchi kwa hilo tu, na mahali pengine dau linawekwa. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas katazo la kuchochea wanyama wapigane. Wanazuoni wa hadithi wameizungumza isnadi yake, lakini mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika wazi kwamba mashindano ya kupiganisha majogoo hayafai. Likiingia dau ni kamari, na hapo hakuna wa kubishana. Kwa walio Kenya iko pia sheria ya nchi ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inayakataza. Kijana atasema majogoo hupigana wenyewe. Ndiyo, hupigana wenyewe, na aliyeshindwa hukimbia. Kwenye duara la watu hana pa kukimbilia, na hiyo ndiyo tofauti.

Na hata tukiiweka dini pembeni kwa dakika moja, hesabu haikubali. Jogoo wa kupigana anapewa mtama bora na mayai ya kuchemsha, analala ndani, anaogeshwa. Tetea wa nyumba hiyo hiyo wanalala juu ya mti. Tumewaona. Kisha jogoo anatobolewa jicho, na nyumba inabaki haina jogoo wala vifaranga.

Basi kijana mwenye mapenzi ya kweli na mbegu tunamwalika kwenye mchezo mgumu kuliko ule, nao ni kuchagua. Hapa ndipo tunapokosea bila kujua. Ikija Idd, tunamuuza yupi? Pora mkubwa kuliko wote, kwa sababu ndiye mwenye bei. Akija mgeni tunamchinja yupi? Tetea mnene. Wanaobaki kuzaa ni wale wasiotakiwa na mnunuzi wala mgeni. Fanya hivyo miaka kumi na utaona kuku wa uani wamekuwa wadogo na dhaifu, kisha tunasema kuku wa kienyeji ndivyo walivyo. Si hivyo. Tumewachagua sisi wenyewe, ila tumechagua kinyume.

Chukueni daftari. Kila tetea apewe jina au uzi wa rangi mguuni. Andikeni ametaga mangapi, ameangua mangapi, na muhimu kuliko yote, vifaranga wangapi wako hai wakitimiza miezi miwili. Tuchukue mfano: mmoja ameangua kumi akakuza watatu, mwengine ameangua wanane akakuza sita. Kwa macho wa kwanza ndiye bora, kwa daftari ni wa pili. Huyo wa pili hachinjwi hata akija sultani, na jogoo wa mwaka ujao atoke katika watoto wake. Kuchi tetea, kwa wanaowafuga, wanajulikana kwamba si watagaji wakubwa. Anayetaka umbo lake na mayai pia amchanganye na tetea wa kienyeji aliye mlezi mzuri, na aandike matokeo, asikisie.

Jogoo mmoja anatosha tetea kumi. Asiachwe kupanda binti zake na dada zake mwaka baada ya mwaka, kwani damu ikijirudia mayai hayaangui na vifaranga hutoka wanyonge. Visiwani, ambako kuku ni wachache, hili ni jambo la lazima. Badilishaneni majogoo, Chovai na Chula, Koyama na Kismayu, lakini wazima na waliochanjwa.

Mayai ya kulaliwa yasipite wiki moja, yawekwe kivulini, na tetea wa kiasi asipewe zaidi ya kumi na mawili au kumi na matatu. Siku ya saba yaangalieni usiku kwa tochi. Lisilo na mishipa litoeni. Siku ya ishirini na moja mwacheni, msimsumbue kwa kufunua funua. Kisha vifaranga wafungiwe na mama yao mwezi wa kwanza, chini ya tenga au wavu mkuukuu wa samaki, kwa kuwa adui yao mkubwa anatoka juu. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu ni wa India. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe taka, wakasambaa pwani, na Juni 2024 Kenya Wildlife Service ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Hatuwezi kuwasubiri waishe. Wavu mkuukuu hauna gharama, na nyumba ya mvuvi haiukosi.

Chakula pia kipo. Mahindi na mtama wa bonde la Juba, mashudu ya ufuta kwa anayeyapata, machicha ya nazi, vichwa vya kamba. Makombe na chaza yapondwe, yanaimarisha maganda ya mayai. Samaki wasizidi, mayai yatanuka. Lakini jihadharini na ng'onda. Chumvi humuua kuku haraka, na maji tuliyorowekea papa mkavu, au mabaki yake, tukiyamwaga pale wanapodonoa, kesho tutasema ni kideri. Maji ya kunywa yawe baridi, ya mvua au ya kisima kisicho cha chumvi, na chombo kioshwe kila siku. Na kuku anayezurura jaani, kabla ya kuchinjwa afungiwe siku tatu apewe chakula safi, kama ilivyopokewa kutoka kwa Ibn Umar.

Banda si lazima liwe la bati. Boriti, makuti na sakafu iliyoinuliwa na ardhi linatosha, ili kenge na nguchiro wasiingie usiku. Jirani naye ana haki yake; kuku wanaochimbua mboga za mwenzio ni kuku wako na deni ni lako.

Wasomaji huuliza pia juu ya zaka. Zaka ya mifugo ni katika ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuku wa uani wa kula na kutaga hawamo. Aliyewafanya biashara, anayenunua na kuuza, huyo anahesabu kama bidhaa nyengine, na kwa undani wa hesabu yake amuone shekhe wa mtaa wake.

Na jambo la mwisho kwa wazazi. Wengi wetu humwambia mtoto, tetea huyu ni wako. Mtoto anampa jina, anamchotea maji, anahesabu mayai. Kisha anakuja mgeni Ijumaa, na kuku anachinjwa mtoto yuko chuoni. Akirudi anakuta manyoya. Mtoto huyo msimpe tena daftari wala kumsomea faida za ufugaji, hatawasikia. Mkimpa, awe amepewa kweli. Mkimhitaji kuku wake, muombeni au mnunueni kwa bei ya soko, na pesa azishike mkononi mwake. Akikataa, chinjeni jogoo.

Wabillahi tawfiq.